Binti yangu anasema Kipushi ni kaburi. Nimwache aende Lubumbashi?

SWALI: Nina miaka 50, ni baba wa watoto watano, tunakaa Kipushi, mji wa mgodi karibu na Lubumbashi, Kongo. Binti yangu wa tatu ana miaka 16, yuko mwaka wa tatu wa humanite (sekondari ya juu), seksheni ya pedagojia, yaani ualimu. Shuleni anafanya vizuri. Lakini tangu mwaka jana amebadilika. Akirudi shule anajifungia chumbani na simu, usiku halali, Jumamosi anaamka saa sita mchana. Ukimwuliza, anajibu kwamba Kipushi ni kaburi na anataka kwenda kukaa kwa shangazi yake Lubumbashi amalizie shule huko. Mama yake anasema tumwache aende, mimi sitaki. Juzi jirani alikuja kuniambia amemwona barabarani akiongea na dereva wa lori. Sisi tulikulia hapa hapa kwa utulivu na tulikuwa na furaha. Huu ni ugonjwa gani? Nimwache aende au nimkaze?

JIBU: Baba, kabla hatujafika kwa shangazi, simu na dereva, tuongee kwanza kuhusu Kipushi yako wewe. Unasema mlikulia hapo kwa utulivu na kwa furaha. Furaha nakubali. Utulivu, hapana.

Kipushi uliyokulia ilikuwa na kelele usiku na mchana. Mgodi ulichimbwa tangu miaka ya 1920, enzi za Union Minière, kampuni ya Wabelgiji, na wewe ulipoanza shule ya msingi ulikuwa mikononi mwa Gécamines, kampuni ya serikali, zamu zikipokezana bila kupumzika. Wanaume walishuka chini zaidi ya mita 1,000, wakapanda, wakapita mitaani wakielekea nyumbani wakati wenzao wanakwenda. Kampuni ilijenga nyumba, ililipa walimu, iliendesha hospitali, iligawa unga, samaki na mafuta kila mwezi. Kulikuwa na serkle (klabu ya wafanyakazi), viwanja vya mpira, fuaye ambako mama zenu walijifunza kushona. Kijana wa miaka 16 hakuwa na haja ya kuuliza mji una mpango gani naye. Akimaliza shule ya ufundi, kuna nafasi inamngoja. Asipomaliza, kuna nyingine ya chini yake. Huenda nafasi yenyewe hakuipenda, lakini aliiona.

Kimya kilikuja 1993, mgodi uliposimama. Wewe ulikuwa na miaka 18 hivi. Maana yake hukukulia ndani ya kimya hiki. Kilikukuta umeshakuwa mtu. Na tusidanganyane kuhusu miaka ile. Mwaka 1992 na 1993 majirani wenye asili ya Kasai, mkoa wa jirani, walifukuzwa Katanga, eneo letu hili, familia nzima zikalala kwenye stesheni za Likasi na Kolwezi zikingoja treni. Kama ulikuwa darasani mwaka ule, unajua ni madawati yapi yalibaki wazi. Kumbukumbu ya ujana huchagua, baba, na yako imechagua mpira na siku ya kugawa unga. Sikulaumu kwa hilo. Ila usimpe binti yako kumbukumbu hiyo kama kipimo.

Yeye amezaliwa mgodi ukiwa umelala zaidi ya miaka 15. Tangu utoto anasikia watu wazima wakisimulia jinsi mahali hapa palivyokuwa. Kila jengo analopita lina hadithi ya zamani: hapa palikuwa sinema, hapa tulicheza, hapa babu yenu alipokea mshahara. Mtoto aliyelelewa hivyo anaelewa kwamba amefika sherehe ikiwa imekwisha, viti vinakunjwa. Akikuambia hapa ni kaburi, sehemu ya maneno hayo ameyatoa kwenu.

Kuna jambo jingine, nalo si rahisi kumwandikia mwanaume wa rika lako. Mwanahistoria Donatien Dibwe dia Mwembu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi ameandika kwa kina jinsi kampuni ilivyokuwa baba kwa wafanyakazi wa Katanga na watoto wao, na jinsi baba wa nyumbani alivyopungukiwa na sauti pale mshahara ulipokatika. Mama alianza kuuza sokoni, watoto nao wakaanza kuleta chochote, na aliyekuwa akiamua kila kitu akabaki na kiti chake tu. Baba wengi ninaokutana nao katika kazi hii ya ushauri wamebeba jambo hilo bila kulitaja. Binti akisema "hapa hakuna kitu", wao wanasikia "baba, huna kitu". Kwa barua yako sioni kwamba amesema hivyo. Amesema juu ya mji. Ukimjibu kana kwamba ametukana nyumba yako, mazungumzo yatakufa hapo hapo.

Sasa yeye mwenyewe. Usingizi nitaupitia haraka, kwa sababu ndio unaowatisha wazazi wengi na ndio wenye maelezo rahisi. Katika miaka ya ujana saa ya mwili husogea mbele. Kijana hapati usingizi mapema kama alivyokuwa akipata akiwa na miaka 10, na bado anahitaji saa 8 hadi 10 za kulala. Shule inaanza saa moja na nusu asubuhi, na msichana wa nyumbani kwetu ameamka mapema kuliko hapo akafagia na kuchota maji. Deni linajikusanya wiki nzima, Jumamosi analilipa. Simu ya usiku inaongeza deni, ni kweli, na nitaifikia. Lakini kuamka saa sita Jumamosi peke yake si ugonjwa wala si uvivu.

Kinachonishughulisha zaidi ni jirani yako.

Fuata njia ya binti yako kutoka shule mpaka mlangoni. Anapita kwa mama wa mandazi, kwa mzee aliyekaa na redio, kwa vijana wa wewa (teksi za pikipiki) wanaongoja abiria, kwa mama wa makaa, kwa muumini mwenzenu wa kanisa. Wote wanajua yeye ni binti wa nani na jana alivaa nini. Kila mmoja lazima asalimiwe kwa sauti inayotosha; asiposalimia ana kiburi, akisalimia kwa kucheka ameanza tabia. Kaka yake akikaa kwenye kona mpaka saa mbili usiku, anapunga hewa. Akipanda gari kwenda Kamalondo, Lubumbashi, kuangalia timu ya Mazembe ikicheza, akarudi usiku sauti imekauka, watu wanamwuliza matokeo. Yeye akisimama barabarani dakika tano, mtu anavuka mtaa kuja kutoa taarifa. Na angalia taarifa hiyo ilivyosafiri: jirani hakumwendea msichana kumwuliza "mwanangu, huyo ni nani, uko salama?" Alikuja moja kwa moja kwako.

Huo ndio mzigo wa mji mdogo, na unamwelemea msichana kuliko mvulana. Watu wa mji mkubwa hudhani vijana wa sehemu kama Kipushi, Kambove au Sakania wanateswa na upweke. Wengi ninaowapokea wanalalamikia kinyume chake: macho ni mengi mno. Chumba anachojifungia binti yako ni sehemu pekee isiyo na macho, na simu ni mtaa pekee ambao watu wake hawamjui baba yake. Ukimnyang'anya vyote viwili kwa siku moja, utakuwa umemtoa uchi sokoni, kisha utashangaa akitafuta kona nyingine ya kujificha ambayo wewe huijui.

Hapo ndipo ninapotofautiana na wenzangu wanaosema suluhisho ni kumtafutia kijana mchezo wa kupitisha muda. Binti yako hakosi cha kufanya. Anapika bukari, anatwanga sombe, anafua, anawaogesha wadogo zake. Kazi anazo tele. Anachokosa ni nafasi: kitu ambacho asipokuwepo yeye, watu wa nje ya nyumba wataona pengo. Kazi za nyumbani hazimpi hilo, kwa sababu akiondoka leo atazishika mdogo wake kesho, na hakuna atakayetaja jina lake.

Nikupe mfano wa mbali kidogo. Huko Marekani kulikuwa na mwanasaikolojia aliyeitwa Roger Barker. Miaka ya 1940 alihamia Oskaloosa, mji mdogo wa Kansas, akakaa hapo miaka mingi akiangalia watoto wa mji wanafanya nini kuanzia wanapoamka hadi wanapolala. Mwaka 1964 yeye na mwenzake Paul Gump walitoa matokeo ya kulinganisha shule za sekondari za eneo hilo, kuanzia ndogo kabisa yenye wanafunzi 35 hadi kubwa yenye zaidi ya 2,000. Shule kubwa ilikuwa na watu mara 65 zaidi, lakini shughuli zake, kwaya, michezo, mikutano na mengineyo, zilizidi mara 8 tu. Ukiipiga hesabu hiyo, katika shule kubwa wengi wanakaa kuwatazama wachache wakifanya. Katika shule ndogo watazamaji hawatoshi hata kujaza benchi: kila mtu anaitwa, hata asiyejua kuimba anasimamishwa kwaya kwa sababu sauti ya nne haina mtu. Wanafunzi wa shule ndogo walishika majukumu mengi zaidi kila mmoja, na hata wale dhaifu darasani walihisi kwamba wenzao wanawahitaji.

Kansas si Katanga, najua. Lakini inatusaidia kuona udogo wa mji una faida gani na kwa masharti gani. Mahali padogo panamfaa kijana ikiwa watu wazima wanaacha nafasi wazi ili azishike. Kwetu mara nyingi nafasi hizo tumezikalia wenyewe. Mweka hazina wa kwaya ni mzee wa miaka 60. Kamati ya shule ni ya wazazi. Msimamizi wa vijana kanisani ana wajukuu. Kijana anabaki na macho yote ya mji mdogo, bila nafasi hata moja ya mji mdogo. Kwa nini asitake kwenda mahali ambapo angalau macho hayapo?

Kwa hiyo nianze na jambo ambalo lipo mikononi mwako wiki hii. Binti yako yuko seksheni ya pedagojia. Mwaka ujao ataingia kwenye madarasa ya msingi kufanya mazoezi ya kufundisha. Katika mtaa wenu kuna watoto wa darasa la sita wanaojiandaa kwa mtihani wa kumaliza shule ya msingi, na wengi wao wanasoma katika madarasa yaliyojaa tangu masomo ya msingi yalipofanywa bure mwaka 2019. Mwambie aanzishe masomo ya Jumamosi mchana kwa watoto wachache, kwenye baraza yenu au katika chumba ambacho parokia inaweza kuwaazima. Bei apange yeye na pesa ashike yeye. Mzazi akija na malalamiko, amjibu yeye. Wewe usikae mlangoni ukihesabu watoto wala usimwombe akukopeshe. Ukifanya hivyo wiki ya kwanza tu, masomo hayo yatageuka kazi nyingine ya nyumbani.

Sikuahidi kwamba atakubali mara moja. Huenda akakuangalia kama mtu aliyetoka Kipushi ya 1985. Mpe siku kadhaa, mwulize tena, na umwulize pia kama ana wazo lake. Yake yatakuwa bora kuliko yangu. Nimeona msichana wa mji kama wenu aliyekuwa akiwaandikia mama wa sokoni hesabu zao za likelemba (mchango wa kupokezana), nani ametoa, nani zamu yake, nani amechelewa. Hakuna aliyemtuma. Baada ya muda wale mama hawakuweza kugawana pesa bila daftari lake, na jirani mwenye mdomo akapunguza sauti, kwa sababu binti sasa alikuwa na mama ishirini wa kumtetea.

Jambo la pili ni Lubumbashi yenyewe. Ni kilometa 30 hivi. Kwake huo ni mji wa kwenye simu: taa, nywele, watu wasiomjua mtu. Usishindane na picha hiyo kwa kuitukana Lubumbashi, maana kadiri unavyoitukana ndivyo inavyong'aa. Mpeleke. Mpe safari yenye kazi, mara moja kwa mwezi kama nauli inaruhusu: kununua vitu vya nyumbani soko la Mzee Kabila akiwa na orodha na pesa mkononi, kupeleka karatasi ofisini, kuuliza masharti ya kuingia Taasisi ya Juu ya Pedagojia. Siku moja mpitishe kampasi ya Kasapa aone wanafunzi wa chuo kikuu wanavyogombania usafiri, siku nyingine Jumba la Makumbusho la Taifa. Alale kwa shangazi yake wikendi moja, apange foleni ya maji, ahesabu nauli ya wiki. Atarudi akiwa bado anautaka mji, na ni haki yake, lakini atautaka ule uliopo.

Sasa swali lenyewe: aende akakae au asiende? Ushauri wangu ni asiende sasa, na amalize humanite alipoanzia. Humanite ni miaka 4, amebakiza huu na mmoja, na Exetat, mtihani wa taifa wa kumaliza sekondari, iko mwishoni. Kuhamisha kijana mwaka wa mwisho maana yake ni kuhamisha karatasi, kuzoea walimu wapya na kufanya mazoezi ya kufundisha katika shule ambayo haimjui, yote katika mwaka ambao alama zake zina uzito kuliko wakati wowote. Akishapata diploma, aende kwa kichwa juu, na wewe umsindikize.

Lakini usimwambie "hapana". Mwambie lini. Kijana anaweza kusubiri miezi mingi ikiwa ana tarehe. Bila tarehe hata wiki inamshinda.

Na hata tarehe hiyo ikifika, nenda ukaongee na dada yako kabla, uso kwa uso, si kwa simu. Naandika hili kwa sababu ya wasichana ninaowaona hapa mjini. Wanafika kwa shangazi au kwa mama mdogo wakiwa wanafunzi, baada ya miezi michache ni watumishi wa nyumba wanaokwenda shule pale nafasi inapopatikana. Mara nyingi shangazi si mtu mbaya. Nyumba imejaa, maisha ni ghali, na mtoto wa ndugu ndiye asiye na wa kumsemea pale. Uliza atalala wapi na nani. Uliza nani anapika jioni na kwa zamu gani. Uliza nani mwingine anaishi humo, hasa wanaume, na mlango wa chumba unafungika kwa ndani au la. Ada utalipa wewe? Itapitia mkono wa nani? Je, ataweza kukupigia akiwa peke yake? Dada yako akikasirika kwa kuulizwa, hilo nalo ni jibu. Naye binti awepo mazungumzo hayo yanapofanyika, asikie mwenyewe mmekubaliana nini, ili siku mambo yakigeuka awe na la kushika.

Kuna hali moja ambapo ningesema aende hata kesho: kama kuna mtu Kipushi anayemsumbua, mwalimu, ndugu, jirani au mkubwa yeyote. Wakati mwingine "hapa ni kaburi" ndiyo njia pekee msichana aliyoipata ya kusema jambo ambalo hawezi kulitaja. Katika barua yako hakuna dalili ya hilo, lakini wewe si mtu wa kwanza ambaye angeambiwa. Mama yake aulize.

Tufike kwa dereva. Mgodi umefunguliwa tena, uzalishaji ulianza 2024, na pamoja nao yamekuja malori, wageni, na wanaume wenye makuta, yaani pesa, mkononi walioacha familia mbali. Kimya unachokisifu kimeanza kuondoka, baba, na kinaondokea barabarani pale pale binti yako anapopita. Hofu yako ina msingi. Sheria iko upande wako pia: tangu sheria ya 2006 juu ya ukatili wa kingono, mwanaume mzima akilala na msichana wa chini ya miaka 18 ni ubakaji, hata akidai msichana alikubali, na ndoa chini ya miaka 18 imekatazwa na sheria ya ulinzi wa mtoto ya 2009 na Kanuni ya Familia iliyorekebishwa 2016. Hivyo kama kuna familia itakayokuja kukuambia "tumalize kwa mahari", ujue kwamba hakuna cha kumaliza.

Hata hivyo, unachojua mpaka sasa ni kwamba aliongea na mtu. Labda aliulizwa njia. Labda alimwuliza nauli ya Lubumbashi. Labda ni kweli yule mwanaume anamfuatafuata na yeye hajui jinsi ya kumkwepa. Ukianza kwa fimbo au kwa kumpokonya simu, hutajua kamwe ni lipi kati ya hayo matatu, na siku hatari ya kweli itakapokuja atainyamazia kwa sababu anajua bei ya kusema. Anza hivi, mkiwa wawili tu, mnatembea au mnafanya kazi ya mikono ili asilazimike kukutazama usoni: "Nimeambiwa ulikuwa unaongea na dereva. Sijakuja kukugombeza. Nataka kujua kama anakusumbua." Halafu nyamaza. Akijibu "hakuna kitu", kubali jibu hilo leo, na mwambie kwamba siku likibadilika, saa yoyote, utakuja kumchukua popote alipo na maswali yatangoja asubuhi. Ahadi hiyo uitimize, hata siku atakayokuita saa tano usiku kutoka mahali ambapo hupendi. Kwa jirani, mshukuru, kisha mwombe kwamba akimwona tena amwite binti mwenyewe na kumsindikiza nyumbani. Jirani atakayekataa kusindikiza lakini akaendelea kuleta habari, usimsikilize.

Uliuliza kuhusu ugonjwa. Kwa uliyoandika sioni ugonjwa: anasoma, alama hazijashuka, ana kitu anachokitaka na anakitetea. Kijana mwenye huzuni ya maradhi mara nyingi hataki hata kwenda Lubumbashi, hataki chochote. Lakini nisingependa uupuuze msemo wake wa kaburi. Ukiona kwa wiki 2 au zaidi ameacha kula, ameacha hata simu na marafiki, analia bila sababu, anagawa vitu vyake alivyovipenda, au anasema kwamba mngekuwa vizuri bila yeye, mwulize waziwazi kama anafikiria kufa. Usiogope kwamba swali litampa wazo. Kuuliza hakuleti wazo hilo. Kunamfungulia mtu mlango wa kulitoa. Akisema ndiyo, usimwache peke yake, ondoa dawa za panya na vidonge nyumbani, na siku hiyo hiyo mfike kituo cha afya ili muelekezwe kwa daktari wa magonjwa ya akili Lubumbashi. Maombi ya mchungaji yanaweza kwenda sambamba. Yasichukue nafasi ya daktari, na msikubali mtu aseme ni uchawi, kwa sababu katika miji yetu neno hilo likishamwangukia mtoto halimtoki kirahisi.

Na simu, basi. Msimnyang'anye. Wekeni saa moja kwa nyumba nzima, tuseme saa tatu na nusu usiku, simu zote zinakwenda kulala sebuleni kwenye chaji: yake, ya kaka yake, ya mama, na yako. Yako hasa. Kijana huona haraka sana sheria inayomlenga yeye peke yake. Mega za intaneti anunue kwa pesa yake ya masomo ya Jumamosi. Utashangaa zitakavyoanza kudumu.

Limebaki jambo moja ambalo barua yako imelipita kwa sentensi moja tu. Mkeo anasema binti aende, na hukuandika kwa nini. Mama huwa anajua ya barabarani kabla ya baba, na huenda sababu yake ni tofauti kabisa na zote nilizozijibu hapa. Mwulize yeye kwanza, kabla hujamwita binti, na umwache amalize kusema.